Faili linalokosekana na mikoba ya Shiling

Mji wa Shiling, uliopo katika wilaya ya Huadu, kaskazini mwa jiji la Guangzhou, unajulikana kote nchini China kwa mikoba na bidhaa nyingine za ngozi. Ichukuliwe mfano wa mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeagiza mikoba huko. Kiwanda kimemtumia mchoro wa vipande ili auidhinishe kabla ya ngozi kukatwa. Na ngozi ikishakatwa ndiyo basi. Anafungua programu ya michoro katika kompyuta aliyoinunua Guangzhou, yenye Windows ya Kichina, na badala ya mchoro kinatokea kidirisha kilichojaa maandishi asiyoyajua.

Hata hivyo, katikati ya maandishi hayo mna neno moja la herufi za Kilatini, kwa mfano MSVCP140.dll. Hilo ndilo jina la faili linalokosekana, nalo halibadiliki, ujumbe uwe wa Kichina, Kiarabu au Kiingereza. Linapaswa kunakiliwa herufi kwa herufi kabla ya kidirisha kufungwa.

Mafaili ya aina hii ni mali ya shirika: kazi zinazohitajiwa na programu nyingi huandikwa mara moja, kisha kila programu huziazima. Ndiyo maana programu iliyo nzima huweza kushindwa kuanza.

Wengi hukimbilia kupakua faili hilo moja kutoka tovuti yoyote. Hapo ndipo penye hatari, kwani laweza kuwa la toleo jingine au kubeba virusi, na kompyuta ya mfanyabiashara ina hesabu za benki pia. MSVCP140.dll ni sehemu ya furushi la Visual C++ ambalo Microsoft hulitoa bure. Njia salama ni kuliweka furushi zima kutoka kwa kampuni hiyo yenyewe. Programu ya biti 32 huhitaji furushi la biti 32, hata kompyuta ikiwa ya biti 64. Ajabu ni kwamba, katika Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ndiyo yenye mafaili ya biti 64. Jina hilo limewapoteza hata mafundi.

Huenda pia faili ni la programu ya michoro yenyewe, na kinga ya virusi imelitenga. Hapo ikaguliwe orodha ya mafaili yaliyotengwa.

Mfanyabiashara ambaye meli yake haisubiri anaweza kukiomba kiwanda mchoro huohuo kwa PDF, pamoja na vipimo vyake, auidhinishe kwa simu huku fundi akiendelea na kompyuta.