Usingizi wa Mtoto na Mapumziko ya Mzazi

Usingizi wa mtoto mchanga, ambao kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 hufikia saa 14 hadi 17 kwa siku katika miezi 3 ya kwanza, huja vipande vipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo na saa ya mwili, yaani utaratibu wa ndani unaotenganisha usiku na mchana, bado haijakomaa. Kuamka kwake usiku, basi, si ukaidi.

Wilayani Muleba, kando ya Ziwa Victoria, usingizi huo hauwezi kuzungumzwa bila chandarua. Ni katika vijiji vya wilaya hiyo ndipo utafiti ulioanza mwaka 2014 ulipoonyesha kwamba vyandarua vilivyoongezwa piperonili butoksaidi, kemikali inayodhoofisha vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuvunja nguvu ya dawa, viliwakinga watoto dhidi ya malaria zaidi kuliko vile vya kawaida. Chandarua huchomekwa chini ya godoro pande zote, na mtoto hulazwa chali, bila mto wala blanketi zito karibu na uso.

Mama aliyeamka mara 4 usiku, kisha asubuhi akatakiwa kumenya ndizi za mchana, anastahili kupokewa mtoto ili alale, na wa kwanza kumpokea ni baba, kabla hata ya bibi. Huzuni inayozidi wiki 2 huenda ikawa sonona, ugonjwa unaotibika, na mama huyo afikishwe kituo cha afya badala ya kuambiwa avumilie.