Tawi Lisiloanguka Lenyewe



Ndugu wasikilizaji wapendwa, hasa ninyi wa Itiryo na milima yote ya Tarime: katika Injili ya Yohana, sura ya 15, Bwana wetu ajifananisha na mzabibu, mmea ambao wengi wetu hatujauona. Sisi twajua mgomba na mbuni. Basi natuende kwa fikra hadi Bihawana, misheni iliyo karibu na mji wa Dodoma.

Wasafiri husifu miji midogo ya milima ya Alps, huko Uswisi na Italia, ambako mizabibu hupanda ngazi kwa ngazi mlimani, na juu yake theluji. Bihawana haina theluji. Ugogo ni nchi kavu, ambayo mvua yake ya mwaka kwa kawaida haizidi sana milimita 600. Walakini wamisionari walipanda mizabibu hapo katika miaka ya 1950, wapate divai ya Misa, na kilimo hicho kikaenea vijijini. Ulaya huvuna zabibu mara moja kwa mwaka. Dodoma huvuna mara mbili.

Lakini sikieni. Kule Alps baridi huupukutisha mzabibu majani na kuulaza usingizi. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mzabibu ukiachwa hivi hivi hubaki wa kijani, umejaa majani na vitawi, na vichala vyake ni haba. Yampasa mkulima mwenyewe ashike mkasi, aukate.

Nasi nchi yetu ni ya kijani. Makanisa yamejaa, kwaya zaimba vizuri (pengine kwa muda mrefu mno). Hata hivyo mtoto hurithishwa kisasi cha ng'ombe walioibwa kabla hajazaliwa, akafundishwa kwamba ukoo ule ni adui. Tawi hilo halingoji majira likaanguka. Wewe baba unayesimulia jioni, mkasi u mkononi mwako. Na wewe katekista, liulize jambo hili waziwazi katika jumuiya, hata kama wazee watanuna.

Atakayekata ataitwa mwoga. Shamba la mizabibu lililopogolewa nalo halipendezi: ni visiki vitupu, na apitaye njiani hudhani mwenye shamba ameliharibu. Mwenye shamba hasemi neno. Huenda kutafuta maji ya kumwagilia.

Amina.