Hijabu, Jua na Maradhi ya Mishipa ya Fahamu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, dada yetu mmoja anaugua maltipo sklerosisi, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Utando huo ukiharibika, macho hufifia, miguu hulegea na ganzi huingia. Alipopimwa alikutwa na upungufu mkubwa wa vitamini D. Jirani mmoja akamwambia, "Hijabu ndiyo iliyokuuguza." Mwingine akasema, "Habari za vitamini ni njama dhidi ya stara." Wote wawili wamesema bila ya elimu.

Vitamini D hutengenezwa hasa na ngozi ipigwapo na jua. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza uchunguzi wa damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani: miongoni mwa weupe, waliokuwa na vitamini hiyo kwa wingi waliugua maradhi haya kwa uchache zaidi. Je, wale waliopungukiwa walivaa hijabu? Upungufu huwapata pia wanaoshinda ndani na wakaao nchi zenye jua hafifu. Wala si sababu pekee. Utafiti wa mwaka 2022 ulidhihirisha mchango mkubwa wa virusi vya Epstein-Barr.

Sheria haikumzuia mwanamke kupata jua. Uani kwake, mbele ya maharimu zake, anaweza kufunua mikono yake. Na ikiwa joto humzidishia udhaifu, kama liwafanyavyo wengi wenye maradhi haya, viko vidonge.

Lakini tahadhari! Vidonge havishiki nafasi ya dawa alizoandikiwa. Majaribio ya Marekani ya mwaka 2023 hayakuona uniti 5,000 kwa siku zikizuia maradhi kurejea kuliko uniti 600. Ya Ufaransa ya mwaka 2025 yaliona manufaa ya dozi kubwa kwa walio mwanzoni mwa maradhi, chini ya uangalizi. Kuzidisha kiholela hupandisha kalisiamu katika damu na kudhuru figo.

Enyi waume na wazazi, sisi tunaoamrisha stara tuna wajibu pia wa kuwapatia wake na mabinti zetu ua wenye faragha, nauli ya hospitali na gharama ya dawa. Stara ni amri, na afya ni amana. Tusitimize moja tukaikhini nyingine.

Wabillahi tawfiq.