Kiuno na Goti
(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maumivu ya kiuno na majeraha ya goti. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kufasiri, na haya nitakayosema nimeyapata kwa kufasiri maneno ya madaktari, na mengine kwa kuumia mwenyewe. Ye yote aliyekuja kutafuta dawa mpya atarudi mikono mitupu, kwani sehemu kubwa ya tiba hii mgonjwa huifanya kwa mwili wake.

Naanza na kiuno. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa na kiuno. Kwetu jambo hili halishangazi. Wako akina mama wanaobeba kuni kwa ukanda uliokaza kwenye paji la uso. Wako mahamali wa Mombasa na magunia ya kahawa ya kilo 60. Na gunia la mahindi la kilo 90 tumelizoea miaka mingi. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilitoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Shabaha yake ilikuwa mkulima asipunjwe kwa lumbesa, lakini nadhani migongo ya wachukuzi ilikuwa na haki ya kutajwa pia.

Shemeji yangu ni mchukuzi wa sokoni. Siku moja alipokuwa akiinua gunia alishikwa na kiuno hata akashindwa kujinyosha. Tulimlaza kitandani, tukamkataza asiinuke hata kwa kula. Likapita juma la kwanza, la pili, na la tatu. Misuli yake ikalegea; kila alipojaribu kusimama aliumia zaidi, naye akaamini kwamba uti wa mgongo umevunjika. Kibarua chake akapewa mtu mwingine, na karo ya watoto ikakosekana. Aliyemshauri alale ni mimi, nasema kwa aibu, kwani nilidhani kwamba mapumziko hayawezi kumdhuru mtu.

Nilikuwa nimekosea. Mwaka 1995 madaktari wa Finland walitangaza habari za watumishi 186 wa mji wa Helsinki walioshikwa na kiuno ghafula. Waligawanywa mafungu matatu: wengine walale siku mbili, wengine wafanye mazoezi ya mgongo, na wengine waendelee na shughuli zao kadiri maumivu yalivyoruhusu. Fungu hili la tatu ndilo lililopona upesi kuliko mengine. Basi mwenye kuumwa kiuno na atembee, hata kama ni mpaka mlangoni na kurudi, na kesho aongeze kidogo. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto humtuliza. Usiku alale kwa ubavu, na mto katikati ya magoti. Watu walio wengi hupata nafuu kabla ya majuma sita. Akirudi kazini aukaribishe mzigo kifuani, asijipinde huku akiinua, na mzigo unaogawanyika augawe.

Lakini ziko dalili zisizongoja. Mtu akipata ganzi matakoni na sehemu za siri, akishindwa kutoa au kuzuia mkojo, au miguu ikilegea, apelekwe hospitali siku ile ile. Akikawia aweza kubaki kiwete. Na maumivu yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huyo asipotezewe wakati kwa kuchanjwa chale. Ugonjwa wake una dawa za kumeza, kwa miezi mingi, nazo huponya.

Sasa goti. Nilipokuwa shuleni nilicheza mpira wa miguu. Siku moja niligeuka ghafula, mguu ukabaki pale pale, nikasikia mlio ndani ya goti, na kabla ya jioni lilikuwa limevimba kama papai. Kumbe kano mojawapo ya zile zinazofunga mifupa ilikatika. Mkandaji mmoja akalivuta na kulisugua kwa nguvu usiku ule, na asubuhi sikuweza hata kulitazama. Goti lililovimba halikandwi siku za kwanza, wala halipakwi dawa ya moto. Liwekwe barafu iliyofungwa katika kitambaa, dakika 15 hivi kila mara, au kitambaa cha maji baridi palipokosekana barafu. Lifungwe bendeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe. Asiyeweza kupiga hatua nne, au ambaye goti lake limekwama, aende akapigwe picha ya mifupa.

Uvimbe ukipungua, kazi ndipo inapoanza. Keti, nyosha mguu, kaza msuli wa paja, hesabu tano, legeza. Mara kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Ni kazi ya kuchosha roho, tena haina fahari. Lakini nchini Sweden vijana 59 waliokatika kano hiyo walianzia kwenye mazoezi kama haya chini ya mtaalamu, na katika miaka miwili 23 tu ndio waliohitaji kupasuliwa. Habari zao zilitolewa mwaka 2010. Na aliyepasuliwa asirudi uwanjani kabla ya miezi tisa, hata timu ikimlilia.

Shemeji yangu alianza kutembea juma la nne, akishika ukuta. Baada ya miezi miwili alirudi sokoni, ila sasa husukuma mkokoteni. Mimi napanda ngazi bila shida; mpira nautazama tu.