Etajeri ndani ya ukuta: tufungue mizigo yetu

(Hotuba kwa mkutano wa wanamemba, Baraka)



Leo tunaomba tusiongee manjanja wala milango. Tuongee vitu vinavyokaa chini ya manjanja. Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Baraka na katika vijiji vya Fizi, tunaona jambo moja: ukuta umesimama, manjanja imepigwa, lakini vitu viko chini, bado katika mifuko ileile iliyopanda boti kule Kigoma. Kuna waliorudi na misafara ya 2005, na hata leo begi iko pembeni ya kitanda, imefungwa.

Kitu cha chini kina maadui watatu. Mchwa anatoka ndani ya udongo, panya anatafuta mbegu, na maji yanaingia bila hodi. Tunakumbuka Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Maji yakiingia nyumbani, kilicho chini ndicho kinalowa wa kwanza.

Na kinacholowa si nguo tu. Ni karatasi ya kurudi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, buletini za shule za Nyarugusu, karatasi ya kiwanja. Mtoto asiye na buletini anaweza kurudishwa darasa la nyuma. Mtu asiye na karatasi ya kiwanja, siku ya mabishano mbele ya chefu atasema nini? Tena kuna mbegu za karanga na maharagi: zikiliwa, msimu umekwenda.

Dawa yake ni ndogo: etajeri inayojengwa pamoja na nyumba. Si anasa, wala si jambo jipya. Katika nyumba za mawe za zamani kule Lamu, ukuta una vyumba vidogo vya kuwekea vyombo. Wenyewe wanaviita zidaka. Sisi pia, wazee wetu waliacha tundu katika ukuta kwa ajili ya taa. Tunaomba tu tundu lile likue, na lipangwe mapema.

Mapema, juu ya nini? Juu ya ukuta uliokwisha kukauka hautobolewi ovyo. Ukipiga shimo katika matofali mabichi, unaita ufa. Kwa hiyo mwambieni fundi kabla ukuta haujafika kifuani. Tena muulizeni mama wa nyumba. Mara nyingi papa na fundi wanapanga wawili, na yeye anayetunza unga, dawa na nguo za watoto anaonyeshwa nyumba imekwisha.

Namna ya kufanya ni hii:

Kama ukuta ni mnene, sentimita 40 hivi, fundi aache nafasi isiyopita nusu ya unene, na upana wa sentimita 50 ao 60. Iwe mbali na pembe ya nyumba, angalau mita moja, na isiwe chini ya mahali boriti ya paa inapolalia. Juu yake aweke lento ya mbao ngumu, ishike ukuta sentimita 20 kila upande. Tusichague ukuta unaopigwa na mvua.

Kama ukuta ni wa tofali moja, msiuchimbe kabisa. Jengeni nguzo mbili fupi za matofali zikishikana na ukuta, kisha mlaze mbao juu yake. Matofali machache na mbao tatu zinatosha.

Ubao wa kwanza uwe mita moja kutoka chini. Pale maji yalipokwisha kufika, upite alama ya maji. Kila wiki tuangalie nguzo: mchwa anapanda ndani ya mfereji mdogo wa udongo. Tukiuona, tuuvunje palepale. Mafuta machafu ya gari yasipakwe kwenye mbao za chakula.

Rafu ya juu kabisa iwe na mlango mdogo na kufuli. Humo tuweke dawa za hospitali, dawa ya shamba na petroli, kila kimoja na sehemu yake. Petroli katika shupa ya juisi pembeni ya kitanda, mtoto anaweza kuinywa. Karatasi nazo zikae juu, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na fotokopi zake.

Lakini tuseme ukweli wote. Kabati ya ukuta haihami. Wako kati yetu wanaopanga, na wengine ambao kiwanja chao bado kina mabishano. Hao wasijenge ya matofali kwanza. Watengeneze fremu ya mbao inayosimama kwa miguu yake, ili siku ya kuhama ihame nao. Na shirika lishughulikie neno la kiwanja kabla ya neno la kabati, juu ya kumjengea mtu ukuta mzuri katika kiwanja cha mabishano ni kumpa kilio cha pili.

Kwenu wafadhili, ombi letu ni fupi. Msaada wa nyumba unakuja na manjanja, misumari, mlango na madirisha. Mtuongezee mbao tatu, bawaba mbili na kufuli moja kwa kila nyumba. Kazi ya mikono wanamemba wataitoa wenyewe kwa likilimba, kama tunavyofanya kwa matofali.

Na kwenu wanamemba: kila kikundi kichague nyumba moja mwezi huu, ya mjane ao mzee, tuanzie pale. Tumerudi kwetu. Begi isikae imefungwa kama vile kesho tunapanda boti tena.