Tuanze na Daftari: Mafunzo kwa Kamati Zinazohudumia Wazee

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika, Issenye)



Wapendwa wanakamati na wafadhili wetu, huko nyuma tulipotaka kuwahudumia wazee tulikimbilia kugawa mablanketi na sabuni. Vitu vile vilikwisha, na mzee akabaki bila matibabu. Tumejifunza kwamba mzee anahitaji pia mtu wa kumsemea.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kuwa mzee ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na kwamba wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Lakini bibi na babu zetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Wakifika mapokezi, watathibitishaje umri wao?

Ndiyo sababu ya mafunzo haya. Kila kamati itapewa daftari na kufundishwa kukadiria umri kwa matukio. Je, anakumbuka Uhuru wa 1961? Rika lake lilitahiriwa lini? Operesheni Vijiji ya 1974 ilimkuta na umri gani? Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule ameshatimiza 60. Majina yakishaandikwa, kamati iyapeleke kwa mtendaji wa kijiji, kisha imsindikize mzee hadi zahanati.

Wafadhili wetu, msishangae tukiomba madaftari na nauli badala ya mablanketi. Amri ya Nne tunaitimiza pia kwa kuwajua wazee wetu kwa majina.