Kwa Nini Mtunisha Misuli Hukubali Sindano

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya watunisha misuli na dawa wanazotumia, kwa kuwa Mkuu wa Shule amesikia kwamba mambo hayo yanaulizwa mabwenini. Nadhani alitaraji niwaambie kwamba dawa hizo zinaua, kisha twende tukale pilau. Sitafanya hivyo. Anayezitumia amekwisha kuambiwa hayo mara nyingi, na aghalabu anayajua madhara yake kuliko yule anayemwonya. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilizitumia.

Wenzangu wa wakati ule wanavikumbuka vyuma vyetu nyuma ya bweni. Tulijaza saruji kwenye makopo ya rangi tukayaunganisha kwa bomba la maji, na aliyenyanyua mara kumi aliitwa simba mpaka saa ya prepo. Ndani ya mlango wa kabati langu nilibandika picha ya Arnold Schwarzenegger. Tuliamini kifua kile kililetwa na mayai na juhudi, na kwa imani hiyo tukagombea maharage ya ziada jikoni. Miaka ilipopita nikaja kusoma kwamba yeye mwenyewe amekiri hadharani kuwa alitumia steroidi siku za mashindano yake. Sikumchukia, ila nilijiona kama mtu aliyeshindana mbio na mwenye baiskeli.

Dawa hizi si za jana. Testosteroni, homoni inayompa mwanamume ndevu, sauti nzito na misuli, ilitengenezwa maabara mwaka 1935. Vidonge vya Dianabol viliingia sokoni Marekani mwaka 1958, na daktari John Ziegler akawapa wanyanyua vyuma wa York, Pennsylvania. Tangu hapo kipimo cha mwili mzuri kikawa kinahama. Mashindano ya Mr. Olympia yalipima dawa mwaka 1990, baadhi ya washindani wakaondolewa, na mwaka uliofuata upimaji ukaachwa. Mwaka 2003 Ronnie Coleman alishinda akiwa na kilo 130 hivi, mwili umekauka mafuta. Kijana anayepanda jukwaani, hata jukwaa la mtaani kwetu, waamuzi wanamwangalia wakiwa na picha hizo kichwani.

Sasa niseme jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi lisemwe mbele ya wanafunzi: dawa hizo zinafanya kazi. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya majaribio ya wiki 10. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza kilo 1.9 za mwili usio mafuta. Waliochomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, wakakaa bila mazoezi, waliongeza kilo 3.2. Waliopata vyote viwili waliongeza kilo 6.1. Hebu jitie katika nafasi ya mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kwa miaka minne, kisha asome hesabu hiyo. Msimwite mvivu, maana mvivu hafiki hapo. Hushawishika yule mwenye bidii, aliyefika mwisho wa uwezo wake huku akiwaona wengine wakimpita.

Nilipomaliza Chuo Kikuu na kuingia serikalini nilijiunga na ukumbi mmoja wa mazoezi. Nilianza na unga wa protini, nikaongeza kretini, halafu unga ambao maandishi yake sikuweza kuyasoma. Mwaka 2009 nilishindana nikawa wa nne. Mwamuzi mmoja akanishika bega: "Umbo zuri, ndugu yangu, ila hujajaa." Mwaka uliofuata mwenzangu wa mazoezi akaniletea sindano. Mkiniuliza niliamua siku gani, siioni siku hiyo. Kila hatua ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotangulia.

Basi nikajaa. Ofisini nikaanza kuitwa Mkuu hata na watu walionizidi cheo. Lakini kioo hakikuridhika. Nilivaa mikono mirefu kwenye joto la Dar es Salaam kwa kuona mikono yangu ni myembamba. Madaktari wameyaeleza maradhi haya tangu miaka ya 1990, ya mtu mkubwa anayejiona mdogo. Tena ukiacha dawa, tezi zako zimekwisha kulala kwa kuwa kazi yao ilifanywa na sindano. Miezi kadhaa huna nguvu, huna furaha, misuli inayeyuka. Mara mbili niliacha, mara mbili nikarudi, wala sikurudi kwa ajili ya mashindano. Nilirudi ili nijisikie mtu.

Nilioa mwaka 2012. Mtoto hakuja. Mama yangu akaanza kumwuliza mke wangu maswali, mashangazi wakamletea mizizi ya kuchemsha, naye akanywa. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma kwamba sindano zile hukausha mbegu za mwanamume. Nilijua, nikanyamaza, nikamwangalia akinywa dawa chungu kwa kosa langu muda wa miezi minane. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi hadi leo, kuliko moyo na ini nilivyoonywa.

Nilimwambia mwaka 2014, nikapimwa, mbegu hazikuonekana kabisa. Nikaacha. Mwaka 2016 tukapata binti. Mwenzangu wa mazoezi aliacha mwaka huo huo nilioacha mimi, na kwake mpaka sasa hawajapata.

Ndugu Mwenyekiti, naona kengele ya chakula inakaribia. Nitakuwa chini ya mwembe wa jikoni hadi saa kumi na mbili jioni. Kijana mwenye swali asilotaka mwalimu alisikie na aje; na kama amekwisha kuanza, aje pia, jina lake sitaliuliza.